Makumbusho ya Kambi ya Ladelund: Madogo, ya Mbali, na Yanayostahili Safari

Makumbusho ya Ladelund yako mahali ambapo wasafiri wengi hawapiti. Ni kijiji cha wakulima katika wilaya ya Nordfriesland, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Denmark, na treni zinazowapeleka watu likizoni kwenye kisiwa cha Sylt hazifiki hapo. Hata hivyo, miongoni mwa sehemu za kumbukumbu za enzi ya Wanazi nilizowahi kuzitembelea, zikiwemo zile kubwa zinazojulikana dunia nzima, sijaona inayomwonyesha mgeni kwa uwazi zaidi namna kambi ya mateso ilivyoweza kupandikizwa katikati ya watu wanaolima, wanaosali na wanaopeleka watoto shule, ikaua kwa muda wa wiki sita, kisha ikafungwa. Nimeona ni vyema nieleze kwa urefu mgeni atakutana na nini pale, kwa sababu kinachoonekana kwa macho ni kichache, na asiyejiandaa anaweza kuzunguka kwa nusu saa akaondoka akidhani hakuna cha kuona.

Ladelund ilikuwa kambi tanzu ya Neuengamme. Neuengamme yenyewe ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1938 pembezoni mwa jiji la Hamburg, na kadiri vita vilivyoendelea ikazaa matawi zaidi ya 85 kote kaskazini mwa Ujerumani, kila moja likiwekwa pale ambapo kulihitajika nguvu kazi: kwenye viwanda vya silaha, kwenye viwanja vya kuunda meli, kwenye miji iliyopigwa mabomu ambako kifusi kilipaswa kuondolewa, na kwenye mashamba ambako mitaro ya kijeshi ilipaswa kuchimbwa. Watu zaidi ya 100,000 walipitia mikononi mwa Neuengamme na matawi yake, na wasiopungua 42,900 walipoteza maisha. Tarakimu hizo ni kubwa mno kushikika akilini. Katika kambi tanzu moja yenye historia fupi, mambo yale yale yanaonekana kwa kipimo ambacho akili ya mtu mmoja inaweza kukibeba: kituo cha treni, barabara, mabanda, mtaro, uwanja wa kanisa. Vyote vinaweza kupitiwa kwa siku moja.

Sababu ya kuwepo kwa kambi hiyo ni amri aliyoitoa Hitler mwishoni mwa Agosti 1944. Majeshi ya Washirika yalikuwa yamekwisha kutua Normandy mwezi Juni na yalikuwa yakisonga mbele nchini Ufaransa, na uongozi wa Ujerumani uliingiwa na hofu kwamba kutua kwingine kungefanyika kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini. Ikaamuliwa ijengwe safu ya ulinzi iliyopewa jina la Friesenwall, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mitaro ya kuzuia vifaru. Kwa ajili hiyo ilifunguliwa kwanza kambi ya Husum-Schwesing mwezi Septemba, na tarehe 1 Novemba 1944 wanaume wapatao 2,000 waliteremshwa kwenye kituo cha treni cha Achtrup na kuswagwa kwa miguu hadi Ladelund. Mabanda waliyoingizwa yalikuwa yamejengwa zamani kwa ajili ya vijana wa huduma ya kazi ya taifa, wapatao 250 hivi. Msomaji na agawanye mwenyewe, kisha azingatie kwamba ilikuwa Novemba, katika nchi ambayo mwezi huo jua huchomoza kwa kuchelewa na kutua mapema, mvua haikatiki, na upepo wa baharini hauna kilima cha kuuzuia.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo iliyoua. Mtaro ulipaswa kuwa na upana wa mita 4 hadi 5 kwa juu, ukipungua kadiri unavyoshuka, na kina cha mita 3 hivi. Udongo wa eneo hilo ni mzito na umejaa maji, kwa hiyo mtu aliyechimba chini alisimama ndani ya maji baridi kutwa nzima, akiinua beleshi la tope hadi kwa mwenzake aliyesimama juu yake, naye akalirusha nje. Hawakuwa na mabuti ya kuchimbia wala nguo za mvua. Nguo zilizolowa mchana zililaliwa usiku, kwa sababu hakukuwa na nyingine wala mahali pa kuzikaushia. Chakula kilikuwa mkate kidogo na supu nyepesi. Waliosimamia ulinzi hawakuwa watu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi za mateso, peke yao, bali pia askari wa jeshi la majini waliohamishiwa kazi hiyo, na ndani ya kambi walikuwepo wanyapara walioteuliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe, waliowapiga wenzao kwa magongo na mabeleshi. Mtu hakuhitaji kupigwa risasi ili afe mahali kama hapo. Kuhara, vidonda vilivyooza, homa ya mapafu, njaa na kipigo vilitosha.

Kambi ilifungwa tarehe 16 Desemba 1944. Katika muda huo usiotimia wiki saba, wafungwa 300 walikuwa wamekufa, na waliobaki walirudishwa Neuengamme wakiwa wamedhoofika kiasi kwamba wengi wao hawakuiona siku ya ukombozi. Walitoka katika nchi zaidi ya kumi, wakiwemo Waholanzi, Wapoland, Wafaransa na watu wa Umoja wa Kisovieti. Mtaro waliouchimba haukuzuia kifaru hata kimoja. Washirika hawakuja kwa njia ya pwani ile, na kwa vyovyote vile handaki la tope katikati ya malisho lisingewazuia. Nalitaja hili kwa sababu maonyesho ya Ladelund hayalifichi, nami naona ni muhimu: watu 300 walikufa kwa ajili ya kazi ambayo hata kwa mizani ya wale walioiamuru haikuwa na faida yoyote.

Kitovu cha makumbusho ni uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro. Makaburi tisa ya pamoja yapo hapo kanisani, si porini wala pembeni mwa kambi, na majina ya waliozikwa yanasomeka. Ukiwa na subira ya kuyasoma moja baada ya jingine, ukilinganisha miaka ya kuzaliwa, utaanza kuona jambo ambalo hakuna maelezo ya ukutani yanayoweza kulieleza kwa nguvu ile ile: majina ya ukoo yanajirudia. Baba na mwana, ndugu na ndugu, mtu na binamu yake. Zaidi ya mia moja kati ya hao 300 walitoka katika kijiji kimoja tu cha Uholanzi, kiitwacho Putten.

Habari ya Putten inafaa kujulikana kabla ya kufika, na nashauri kila mgeni aisome mapema. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1944, wapiganaji wa upinzani wa Uholanzi walilishambulia gari la jeshi la Ujerumani karibu na kijiji hicho, na ofisa mmoja wa Kijerumani akafa kutokana na majeraha. Adhabu ilikiangukia kijiji kizima. Watu walikusanywa, nyumba takriban mia moja zilichomwa moto, na wanaume zaidi ya 600 walichukuliwa hadi kambi ya Amersfoort, ambako baadhi yao waliachiliwa. Tarehe 11 Oktoba waliosalia walisafirishwa kwenda Neuengamme, na kutoka hapo wakatawanywa kwenye kambi tanzu, Ladelund ikiwa mojawapo. Vita vilipokwisha, waliorudi nyumbani wakiwa hai walikuwa 48, na baadhi yao walifariki muda mfupi baadaye. Aliyeamuru adhabu hiyo ni Jenerali Friedrich Christiansen, kamanda wa majeshi ya Ujerumani nchini Uholanzi. Christiansen alizaliwa Wyk, kwenye kisiwa cha Föhr, katika Nordfriesland hii hii. Watu aliowatoa makwao waliletwa kufa kwenye ardhi iliyo jirani na alikozaliwa. Mahakama ya Uholanzi ilimhukumu kifungo cha miaka 12 mwaka 1948, lakini mwishoni mwa mwaka 1951 alikuwa tayari ameachiliwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloitofautisha Ladelund na kambi tanzu nyingi mno ambazo waliofia huko hawajulikani walizikwa wapi. Mchungaji wa usharika wakati huo, Johannes Meyer, aliwazika marehemu hao katika uwanja wa kanisa lake na kuyaandika majina yao katika kitabu cha kanisa, kama walivyoandikwa waumini wake mwenyewe. Vita vilipokwisha aliandika barua kwa jamaa za marehemu, akiwaeleza ndugu yao yuko wapi. Mwaka 1950 makaburi yalitengenezwa kuwa mahali rasmi pa kumbukumbu, jambo lililokuwa nadra sana katika Ujerumani ya Magharibi ya miaka hiyo, na mwaka huo huo watu wa Putten walianza kuja. Hebu fikiria mjane aliyesafiri kutoka Uholanzi, miaka sita tu baada ya mumewe kuchukuliwa na Wajerumani, akikaribishwa kula na kulala katika nyumba ya Mjerumani wa kijiji kile kile ambako mumewe alikufa. Uhusiano huo haujakatika. Kila Novemba, Wajerumani wanapoadhimisha siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ujumbe kutoka Putten hufika Ladelund.

Hapa ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu bila kuzunguka. Mgeni mwenye moyo mwepesi anaweza kuondoka Ladelund akiwa ameguswa na habari ya mchungaji na barua zake hadi akasahau kuuliza swali lililo gumu zaidi. Wanaume 2,000 walipita kwenye barabara za kijiji, asubuhi na jioni, wakiwa wamevaa matambara na kuwabeba wenzao walioanguka, na kila mtu aliyekuwa na dirisha aliwaona. Kuna waliojaribu kuwapa chakula, na kuna waliogeuza uso. Kumzika mtu kwa heshima si sawa na kumwokoa, na kuandika jina lake baada ya kufa hakufuti ukweli kwamba alipokuwa hai hakuna aliyeweza, au aliyethubutu, kumtoa pale. Ninachokisifu kwenye makumbusho haya ni kwamba hayamfanyi Meyer kuwa mtakatifu wala hayakifanyi kijiji kuwa mashujaa. Kijiji kimo ndani ya historia yenyewe, pamoja na walioona na walionyamaza. Makumbusho yanayoendeshwa na usharika wa mahali hapo yangeweza kwa urahisi kujipamba. Haya hayakufanya hivyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Nyumba ya maonyesho iko jirani na makaburi. Si jengo kubwa. Ndani yake kuna nyaraka, picha na simulizi za manusura na za familia, zilizopangwa kwa namna inayomruhusu mtu kukaa na habari ya mtu mmoja badala ya kusukumwa mbele na ukuta baada ya ukuta wa tarakimu. Nilivutiwa hasa na nafasi waliyopewa wake na watoto wa Putten, kwa kuwa kazi za shuruti hazikuishia kwa aliyeshika beleshi: nyuma yake kulibaki kijiji ambacho kwa miaka mingi kiliendeshwa na wajane. Anayetaka kuiona habari hiyo kutoka upande wa pili anapaswa kufika Putten, ambako kuna sanamu ya mwanamke aliyevaa mavazi ya jadi ya huko, akiwa ameshika leso, akitazama upande wa kanisa ambamo wanaume walifungiwa kabla ya kuchukuliwa. Ni kazi ya mchongaji Mari Andriessen, na ilizinduliwa na Malkia Juliana tarehe 1 Oktoba 1949. Kwa maoni yangu sehemu hizi mbili ni makumbusho mamoja yaliyotenganishwa na mpaka.

Kutoka kanisani, mgeni anaweza kutembea hadi mahali kambi ilipokuwa, nje ya kijiji. Hapa inabidi niwe mkweli kwa wale wanaotarajia uzio wa seng'enge na minara ya ulinzi: mabanda hayapo tena. Kuna alama za kumbukumbu, na kuna mashamba. Wapo watakaovunjika moyo. Mimi nawashauri wasiruke sehemu hii, hata kama mvua inanyesha, na hasa kama mvua inanyesha. Ardhi ile ni tambarare kiasi kwamba mtu aliyesimama kanisani na mtu aliyesimama kambini wako karibu kuliko wanavyodhani, na upepo unaeleza jambo moja kuhusu Novemba ya 1944 ambalo picha haziwezi kulieleza.

Kuhusu haki, habari ni fupi na inauma. Mkuu wa kambi alikuwa Hans Hermann Griem, ofisa wa SS aliyeongoza pia kambi ya Husum-Schwesing kabla ya hapo, na aliyejulikana kwa ulevi na ukatili. Baada ya vita aliishi Ujerumani kwa miaka mingi bila kufikishwa mbele ya hakimu. Uchunguzi ulipofunguliwa dhidi yake katika miaka ya 1960 ulikwenda polepole, na mwaka 1971 alifariki bila kuhukumiwa.

Mpango wa safari unahitaji uangalifu. Anayetoka Hamburg apande treni ya Marschbahn kutoka Altona hadi Niebüll. Kutoka Niebüll hadi Ladelund ni kama kilomita 20, na kwa kuwa mabasi ya vijijini ni machache, hasa mwisho wa wiki, mwenye gari au wenzake wa kuchangia nao gari atakuwa na nafuu kubwa. Baiskeli inafaa majira ya joto, kwani njia hazina vilima. Kiingilio hakuna. Saa za kufungua hubadilika kwa majira, kwa hiyo ni busara kuwasiliana kabla ya kuondoka, na kikundi chochote kinachotaka kuongozwa na mtu anayeifahamu historia hiyo kiombe mapema. Maelezo ya Kiswahili hayapo, jambo lisiloshangaza kwa kijiji kidogo cha mpakani. Ndugu asiyesoma Kijerumani aende na mtu wa kumtafsiria, kwa maana nguvu ya maonyesho haya imo katika barua na shuhuda, na picha peke yake hazitoshi.

Watoto wadogo sana sidhani watafaidika. Kwa vijana wa sekondari, hasa watoto wetu wanaosoma shule za Ujerumani na wanaofundishwa kipindi hiki darasani kwa tarehe na majina ya majenerali, napendekeza kwa mkazo waanzie hapa kabla ya kupelekwa kwenye kambi kubwa. Kijana aliyekwisha kulisoma jina la baba na la mwanawe kwenye kaburi moja la Ladelund ataingia Neuengamme akijua kwamba hizo 42,900 ni watu.

Mwenye siku mbili anaweza kuunganisha ziara hii na sehemu nyingine zilizo karibu. Husum-Schwesing iko upande wa kusini, na ndiko alikofungwa daktari Mdenmark Paul Thygesen, ambaye baada ya vita alikuwa mmoja wa waandishi wa uchunguzi wa kitabibu kuhusu maradhi ya njaa kambini. Upande wa pili wa mpaka, Denmark, kuna kambi ya Frøslev, iliyofunguliwa Agosti 1944 kwa makubaliano kwamba wafungwa wa Kidenmark wasipelekwe Ujerumani. Makubaliano hayo yalivunjwa, na takriban 1,600 kati yao walipelekwa huko. Frøslev mabanda yake bado yamesimama, kwa hiyo anayehitaji kuona majengo ataridhika zaidi pale. Kwa Ladelund tengeni muda wa saa tatu au nne, vaeni viatu vya kutembelea kwenye tope, na msianze na nyumba ya maonyesho. Anzeni na makaburi, msome majina yote, kisha ndipo muingie ndani.